Mada: Nakatwa Social Security na Medicare ilhali niko J-1, nami naondoka Septemba

Kutoka: Mgeni wa Kiangazi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Niko Marekani kwa viza ya J-1, ya kazi za kiangazi, katika hoteli moja ya ufukweni, na DS-2019 yangu, yaani hati ya mpango ulionileta, inakwisha katikati ya Septemba. Tangu mshahara wa kwanza nimekuwa nikikatwa makato mawili ambayo mdhamini wetu alituambia wazi kwamba hayatuhusu. Hati ya mshahara ya juma lililopita inasomeka hivi: mshahara ghafi dola 640.00, chini yake OASDI (ndiyo Social Security, ya pensheni) dola 39.68, kisha MED (ndiyo Medicare, bima ya afya ya wazee) dola 9.28, ndipo inafuata kodi ya shirikisho, ya jimbo, na pango la chumba. Nilipokwenda ofisi ya mishahara niliambiwa kwamba mfumo unamkata kila mtu na kwamba nitarudishiwa mwakani nikijaza fomu ya kodi.

Naomba kujua mambo mawili. Je, kuna aliyewahi kuifanya ofisi ya mishahara irekebishe jambo hili kabla hajaondoka? Na je, akaunti ya benki niifunge siku ya safari au niiache wazi, na nikiiacha, niweke anwani ipi wakati chumba ni cha hoteli na nitakuwa nimekikabidhi?

Kutoka: Mzee wa Delaware

Marahaba mwanangu. Usijisumbue na ofisi hiyo, kwa sababu walichokuambia ni sahihi. Mpwa wangu alikuja kwa viza hiyohiyo, akajaza fomu za kodi mtandaoni mwezi wa Februari, na karibu kila senti aliyokatwa ikamrudia kabla ya Pasaka. Wewe tunza W-2 yako, hati ya mshahara na makato ya mwaka mzima, ambayo mwajiri anapaswa kuitoa kabla ya tarehe 31 Januari kwisha.

Kutoka: Dada Mhasibu

Mzee wangu, naomba radhi kukusahihisha mbele ya watu, lakini ushauri huo umewapotezea vijana wengi haki yao. Fomu 1040-NR, ile ya kodi kwa wageni wasio wakazi, hurudisha kodi ya mapato iliyokatwa kupita kiasi, basi. Haigusi Social Security wala Medicare. Makato hayo ya asilimia 6.2 na asilimia 1.45 yana njia yake. Kwanza mwajiri huombwa ayarudishe mwenyewe, na akikataa au akikaa kimya, ndipo unapeleka IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, fomu 843 ya kuomba kurudishiwa pamoja na 8316 ya kueleza makato hayo, ukiambatanisha W-2, nakala ya viza, I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) na DS-2019. Njia hiyo ya pili ipo kisheria, lakini ni ya makaratasi na ya kusubiri sana, na utaifuata ukiwa umeshavuka bahari.

Kwa hiyo, mdogo wangu, shughulika na ofisi ya mishahara sasa, ungali ukiweza kusimama mbele yao. Usiwaelezee tu dola zako 48.96 za kila juma. Waeleze kwamba hoteli nayo inalipa kiasi kilekile juu yako, kwa kuwa katika makato haya mwajiri huchangia sawa na mfanyakazi, na kwamba marekebisho yatawarudishia fungu lao pamoja na lako. Kama taarifa ya robo mwaka imeshapelekwa, fomu yao ni 941-X. Nimeona mameneja ambao hawakusikiliza neno lolote kuhusu haki ya mfanyakazi wakianza kusikiliza hapo. Chapisha sehemu ya Chapisho 519 la IRS inayohusu wenye J-1 wasiohesabiwa kuwa wakazi katika sheria ya kodi, uiambatanishe na barua fupi yenye tarehe, na uombe jibu la maandishi. Wakikataa, barua hiyo ndiyo itakayokuwa kielelezo chako kwenye 8316.

Kuhusu mpwa wa Mzee, nahofia kwamba alijaza 1040 ya kawaida, ile ya wakazi. Programu nyingi za mtandaoni humpeleka mtu huko bila kumuuliza viza yake, naye hupewa punguzo la kawaida ambalo asiye mkazi wa nchi zetu hana haki nalo. Fedha huja haraka na ni nyingi, lakini IRS wana haki ya kuzidai pamoja na riba na adhabu.

Kutoka: Mzee wa Delaware

Binti yangu, nimeeleza nilichokiona. Fedha ziliingia, na hadi leo hakuna aliyezidai.

Kutoka: Mpishi wa Michigan

Kama msamaha upo, mbona sisi wengine hatuupati? Mimi niko kwa viza ya H-2B, ya kazi za muda zisizo za mashambani, kazi yangu ni ya msimu kama ya huyu kijana, nasimama mbele ya jiko moja na vijana wa J-1, na bado fomu 843 yangu ilikataliwa. Ningependa kujua ni nani aliyeamua kwamba jasho langu likatwe na la jirani yangu lisikatwe.

Kutoka: Dada Mhasibu

Kaka, msamaha unafuata aina ya viza, haufuati aina ya kazi. J-1 na wanafunzi wa F-1 ambao bado si wakazi kikodi wamesamehewa, na H-2A wa mashambani wamesamehewa, lakini H-2B hukatwa kama raia. Jambo hili limeshaelezwa humu zaidi ya mara moja, na ningeomba tusilichanganye na swali la kijana.

Kutoka: Mpishi wa Michigan

Nimekuelewa, dada, ila siwezi kulinyamazia. Ili mtu apate pensheni ya Social Security anahitaji alama 40, yaani takriban miaka 10 ya kazi, na Marekani haina mkataba wa kujumlisha michango na nchi yoyote ya Afrika. Mfanyakazi wa msimu kutoka Ulaya anaweza kuunganisha miaka yake ya huku na ya kwao, wakati sisi tunachangia uzee wa wengine na kurudi mikono mitupu. Serikali zetu hujisifu kwa fedha tunazotuma, lakini sijasikia balozi hata mmoja akiulizia mkataba huo.

Kutoka: Muuguzi wa Usiku

Kaka umesema kweli, na bado hujataja kodi mpya ya asilimia 5 kwa kila dola tunayotuma. Nikitoka zamu alfajiri nakuta ujumbe wa karo, wa dawa, wa paa linalovuja, na kila aliyeandika anaamini kwamba mshahara wote umelala tu ukisubiri kutumwa. Nawapenda sana, na ningetoa lolote kukaa nao hata juma moja, lakini hesabu ya pango na bima hawaioni. Wewe mdogo wetu, panga tangu sasa kiasi utakachotuma, uwaambie mapema, na utenge fungu la nauli kwanza.

Kutoka: Mwanafunzi wa Ohio

Dada Muuguzi, si asilimia 5. Mswada ulianza na 5, Baraza la Wawakilishi likapitisha 3.5, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ikabaki na asilimia 1, iliyoanza tarehe 1 Januari 2026. Tena inamhusu anayelipa kwa fedha taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki. Ukituma kutoka kwenye akaunti yako ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hukatwi.

Ndiyo maana namshauri kijana asiifunge akaunti. Tangu tarehe 30 Septemba 2025 serikali ya shirikisho imeanza kuachana na hundi za karatasi kwa marejesho ya kodi, kwa hiyo akaunti ya hapa ni njia nyepesi ya kupokea. Jambo linalowaponza wengi ni namba ya simu: benki hutuma msimbo wa kuingilia kwenye namba ya Marekani, laini inakufa baada ya mtu kuondoka, na fedha anaziona kwa jina tu. Badilisha njia ya uthibitisho kabla hujapanda ndege, na uhakikishe unaweza kuingia bila laini hiyo.

Kutoka: Mgeni wa Kiangazi

Ahsanteni sana wote. Nimewapelekea barua pamoja na kurasa za Chapisho 519, na meneja aliposikia habari ya fungu la hoteli alimpigia mhasibu wao palepale. Wameniambia nije Alhamisi na nijaze upya W-4, fomu ya kumwonyesha mwajiri kodi ya mapato ya kukata. Niwe mwangalifu na nini humo? Na anwani je?

Kutoka: Dada Mhasibu

Kwenye W-4 andika NRA, yaani mgeni asiye mkazi, katika nafasi iliyo chini ya 4(c), uchague mtu asiye na ndoa hata kama umeoa, na usiandike kwamba umesamehewa kodi ya mapato, kwa sababu nchi zetu za Afrika Mashariki hazina mkataba wa kodi na Marekani. W-2 ikifika, angalia visanduku namba 4 na 6: kama wamerekebisha yote, vitakuwa vitupu. Kisanduku namba 17 ni cha jimbo, na fomu ya jimbo hujazwa mbali na 1040-NR. Umefanya kazi katika jimbo moja tu?

Kutoka: Mzee wa Delaware

Na mpwa wangu, binti, bado anaweza kuirekebisha ile ya mwaka juzi?

Kutoka: Dada Mhasibu

Anaweza, Mzee. Ni 1040-X, fomu ya kurekebisha, akiambatanisha 1040-NR iliyojazwa sawasawa. Mwambie aniandikie faraghani, na asisubiri barua ya IRS.