Karata ya mwisho imetoka, mkono wangu wa wastani: niweke dau au nigonge meza (nipite bila dau)?

Kijana wa Kirumba:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Jumapili mchana huwa tunacheza poka, Texas Hold'em, nyuma ya banda la jamaa yangu. Hela hakuna, ni vizibo vya soda. Atakayefilisika ananunua sato. Juzi nilishika ree (A) na kumi. Zilizofunuliwa mezani, za kutumiwa na wote: ree, malkia, saba, nne, mbili, kopa na shupaza zimechanganyika. Katikati vizibo 30, mimi wa mwisho kuongea. Dada muuza dagaa kagonga meza, nami nikagonga kwa woga. Akafunua ree na nane, kumbe nilikuwa mbele! Wiki ya nyuma niliweka dau kwenye hali hiyohiyo, mzee mmoja akanila. Niweke lini?

Sangara Mkavu:
Rudini kwenye arubastini, mahesabu yote haya ya nini 😂

Babu wa Nyegezi:
Marahaba mjukuu. Usijiulize kama karata zako ni nzuri, jiulize nani atakulipa, yaani atafuata dau lako. Unaweza kuwa mbele ya karibu kila alichoshika, ila akitupa vibovu vyote akabaki na vinavyokupiga, dau lako limekula hasara. Ukiwa wa mwisho kuongea, katika mikono itakayokulipa uwe unaipiga zaidi ya nusu.

Tuhesabu. Ree moja iko mezani, moja unayo, zimebaki mbili. Nane zipo nne, kwa hiyo ree na nane inaweza kumjia kwa njia 8. Vivyo hivyo tisa, sita, tano na tatu: jumla 40 unazozipiga. Zinazokupiga: ree na mfalme 8, ree na ghulamu 8 (karata yake ya pili inaizidi kumi yako), halafu ree na malkia, saba, nne au mbili (anapata jozi mbili), njia 6 kila moja kwa kuwa moja yao imeshafunuliwa. Nazo 40! Ngoma droo. Kinachoamua ni mwenye malkia bila ree, maana huyo unampiga. Huyo dada hulipa na malkia mtupu?

Kijana wa Kirumba:
Babu, yule analipa hata na saba.

Babu wa Nyegezi:
Basi weka. Tena mwenye ree na mfalme asingekaa kimya mpaka mwisho. Mzee wako je?

Kijana wa Kirumba:
Yule akilipa, ujue umekwisha.

Binti Igoma:
Kwa mzee gonga tu, kaka. Na dau liwe dogo, vizibo 10 hivi. Ukiweka 30 hata dada atatupa. Ukiwa wa kwanza kuongea mambo ni mengine, maana ukigonga unampa nafasi ya kukutishia bure.

Kijana wa Kirumba:
Mrejesho. Leo nilikuwa na ree na tisa, nikaweka 10. Dada kalipa na malkia, kama mlivyosema. Mkono uliofuata nikajisahau nikamwekea mzee. Akapandisha hadi 40. Nikatupa. Nikamwomba anionyeshe, akachanganya karata zake na nyingine, akasema anawahi kivuko cha Kamanga.