Fedha ya likizo imeishia kati ya kituo na mji: Dodoma, Unguja, Tanga, Lushoto

Ndugu zangu, nimesubiri wiki tatu hasira ipoe kabla ya kuandika, na haijapoa.

Mwezi Juni mwaka 2025, shule zilipofungwa, mimi na mke wangu tuliwachukua watoto wetu wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa miaka sita, tukatoka Dodoma kwa safari ya siku nane ambayo tulikuwa tunaidunduliza tangu Oktoba. Tulipanga kupita Dar es Salaam, kulala Unguja siku tatu, Tanga siku mbili, Lushoto siku mbili, kisha kurudi nyumbani. Tulikuwa na shilingi 1,200,000, na nilizigawa zote katika daftari la kaunta, nauli ukurasa wa kushoto, malazi na chakula ukurasa wa kulia. Daftari hilo liko mbele yangu ninapoandika. Nikilipitia leo naona kwamba karibu kila nilichokiandika kwa jina la mji kilitosha, na kwamba fedha iliyotuumiza ni ile ambayo sikuiandika popote: ya kutoka kituoni kwenda mjini na kutoka mjini kurudi kituoni, ya kusubiri gari lisiloondoka, na ya kulipia mara ya pili safari niliyokwisha kuilipia. Jumla yake ni shilingi 262,000, yaani zaidi ya moja ya tano ya bajeti nzima.

Naanza na treni, kwa sababu sitaki kulalamika bila haki. Nauli ya SGR, yaani treni ya umeme ya reli ya kisasa, kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na watoto wenye umri wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, kwa hiyo sisi wanne tulilipa 93,000. Niliijua nauli hiyo mwezi mzima kabla ya safari nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, na kilichokatwa kwenye simu ndicho kilichokuwa kwenye daftari. Treni hii ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na sisi tuliozoea kuamka usiku wa manane kuwahi basi tunajua thamani yake. Inakushusha katikati ya Dar es Salaam, ambako bajaji moja inakufikisha bandarini. Hakuna aliyenivuta mkono, hakuna aliyenyakua begi langu, hakuna aliyeniambia kwamba bei imebadilika. Mtu yeyote anayedai kwamba katika nchi hii haiwezekani kusafirisha abiria kwa nauli inayojulikana na kwa saa inayojulikana, ninao ukurasa wa kumwonyesha.

Boti nayo haikutusumbua. Unaonyesha kitambulisho, unalipa nauli ya mkazi, unakaa, baada ya saa mbili hivi uko Unguja. Matatizo yalitungoja nje ya lango. Kabla mke wangu hajamaliza kumvalisha mtoto viatu, mizigo yetu ilikuwa tayari begani kwa mchukuzi ambaye hatukumwita, na ambaye baada ya hatua zisizofika mia mbili alidai shilingi 5,000. Teksi ya kutufikisha katika nyumba ya wageni tuliyoiwekea nafasi ikadai 20,000 kwa mwendo ambao baadaye tuliutembea kwa miguu jioni tukiwa na watoto, tukafika bila kuchoka. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa kwamba hiyo ndiyo bei ya bandarini.

Kuhusu nyumba hiyo ya wageni, ambayo siitaji jina, nina neno zito zaidi. Nilipoweka nafasi, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 30 kwa usiku, nami nikaandika shilingi 80,000. Tulipofika, mhudumu akatoa kikokotoo, akatuambia kwamba dola 30 ni za watu wawili, kwamba watoto wanaongeza dola 5, na kwamba dola wao wanaihesabu kwa shilingi 2,850, wakati siku hiyo benki zilikuwa zinaibadili kwa chini ya 2,700. Akakizungusha kikokotoo kutuonyesha 99,750, kisha akasema tufanye laki moja. Mimi ni Mtanzania, nalala Tanzania, nalipa kwa shilingi niliyoipata kwa jasho huko Dodoma. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza waziwazi kutaja, kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Nilimweleza hivyo kwa utulivu. Akanijibu kwamba mtandao ndio ulioandika dola na kwamba wageni wengine wanangoja chumba. Ilikuwa saa moja usiku, mtoto mdogo amelala begani kwangu. Nililipa. Nyongeza hiyo ya shilingi 60,000 kwa siku tatu sikuiingiza katika zile 262,000. Ina dhambi yake ya peke yake.

Sasa nifike kwenye kiini cha malalamiko yangu, ambacho ni siku ya nne.

Kutoka Unguja kwenda Tanga kwa njia ya bahari usafiri haupo kila siku, na ratiba yetu haikuoana nao, kwa hiyo tulirudi Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi. Nilikuwa nimempigia simu wakala wa basi, naye akaniambia basi linaondoka saa saba mchana, tuwe kituoni saa sita. Mpango ulikuwa kupanda basi la mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara na kuendelea mbele hadi Mbezi Luis, kilipo kituo cha mabasi ya mikoani, lakini ukiwa na mabegi matatu, watoto wawili na saa inayokimbia, mwendokasi uliojaa hadi mlangoni haupandiki. Tulikodi teksi kwa 35,000. Tulifika saa sita kasoro. Wakala akatuandikia tiketi kwa kalamu ya buluu, akaandika “7:00 mchana” na kuipigia mstari chini mara mbili, akachukua 30,000 kwa kila kiti, watoto wakiwemo kwa nauli kamili.

Tuliondoka Mbezi saa kumi na dakika ishirini. Kwa saa tatu na zaidi basi lile lilikuwa linawashwa, linasogea mita chache, abiria wanashangilia, linazimwa. Kila nilipomwendea wakala alisema “dakika tano, mzee,” na mara ya nne sikumwona tena. Kondakta nilipomwonyesha tiketi aliigeuza pande zote mbili akasema, “Huyu aliyekuandikia si mtu wetu, sisi tunaondoka basi likijaa.” Basi lenyewe lilikuwa la viti viwili kwa vitatu, ambalo ni daraja la kawaida. Nauli kikomo zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350. Fanyeni wenyewe hesabu: nauli ya daraja la kawaida haifiki hata 18,000, na hata lingekuwa daraja la kati nisingedaiwa 30,000. Utaratibu wa tiketi mtandao uliletwa ili mambo ya namna hii yaishe, lakini mimi nilipewa karatasi ya kalamu, na ninakiri kwamba nilikosea kuipokea. Nilikuwa na hofu ya kukosa viti, na wakala aliijua hofu hiyo kuliko nilivyoijua mimi.

Tulifika Kange saa nne na nusu usiku. Kwa wasioijua Tanga, Kange ndicho kituo kikuu cha mabasi, na kiko nje ya mji. Mchana daladala zipo za kutosha, usiku ule hazikuwepo. Palikuwa na bajaji tatu na gari moja, na madereva wake wanne walikuwa wamekwisha kupatana bei. Tulilipa 20,000.

Hapa ndipo ninapoomba tutafakari. Vituo vikuu vya mabasi vimehamishiwa pembezoni karibu kila mji: Dar es Salaam walitoka Ubungo wakaenda Mbezi Luis mwaka 2021, Tanga ni Kange, na kwetu Dodoma ni Nanenane. Sababu ilikuwa msongamano, na sababu hiyo naikubali kwa moyo mmoja. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, na hilo pia ni jema. Lakini mambo haya mawili yalipokutana hakuna aliyejiuliza abiria anayeshushwa nje ya mji saa tano usiku ataingiaje mjini. Basi linasafiri usiku, daladala inalala. Gharama iliyokuwa ya mji imehamishiwa mfukoni kwa msafiri, na haimo katika nauli kikomo yoyote. Anayekwenda mji mmoja na kurudi anaumia kidogo, anasahau. Familia inayotaka kuona miji mitatu au minne kwa fedha ya kudunduliza inaumia kila inapoingia mji na kila inapotoka, na ndiyo maana watu wetu wanaishia kusema kwamba utalii wa ndani ni wa wenye magari yao.

Tanga yenyewe ilitupokea vizuri. Mapango ya Amboni yako kilomita chache tu kutoka mjini, na mwanangu mkubwa bado anasimulia popo na yale mawe ya chokaa yanayoning’inia kutoka juu. Chakula ni cha bei ya haki. Sina lalamiko.

Siku ya sita tulipanda basi Kange, tukalipa nauli hadi Lushoto, na kondakta alilitaja jina la Lushoto mbele ya watu wasiopungua kumi. Tulipofika Mombo alitangaza kwamba gari linaendelea na barabara kuu, na kwamba wa Lushoto tunafaulishwa kwenye Coaster iliyokuwa imesimama kando. Mizigo ikahamishwa, basi likaondoka, ndipo konda wa Coaster akaanza kukusanya nauli. Tukasema tumekwisha kulipa. Akasema hakupewa kitu. Nilitazama nyuma, vumbi la lile basi lilikuwa bado halijatua barabarani. Tukalipa 16,000. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami inayopanda mlima kwa kona, na tulipofika Soni, kabla ya safari kwisha, Coaster ile ikageuza kwa sababu abiria waliobaki ni wachache. Usambara mwezi Juni ni baridi na ukungu. Mtoto mdogo alikuwa amevaa kandambili na fulana aliyotoka nayo Tanga. Mama yake alifungua khanga yake akamzungushia kuanzia kichwani, wakasimama hivyo chini ya paa la duka lililofungwa kwa dakika arobaini, hadi tulipopata gari jingine kwa 12,000. Nimeziweka nauli zote katika daftari, lakini zile dakika arobaini nimeshindwa kuziandika upande wowote.

Sitaki kurefusha habari ya kurudi. Tulikodi gari kutoka Lushoto hadi Mombo kwa 34,000 kwa sababu hatukuthubutu tena kuamini mtu, na tukafika Nanenane usiku wa manane, teksi hadi nyumbani 25,000.

Wapo watakaoniambia kwamba safari ni safari, na kwamba mwenye fedha kidogo akae nyumbani. Nawajibu kwamba bei ya juu naweza kuikubali, maana nikiijua mapema nitadunduliza miezi miwili zaidi au nitapunguza mji mmoja. Ninachokikataa ni bei inayotajwa ukiwa umekwisha kushuka, mtoto amelala, mizigo iko begani kwa mtu mwingine, na huna pa kwenda. Hakuna daftari linaloweza kuipanga bei hiyo. Na kama ningeijua mapema, nisingeunganisha bahari na mlima katika siku nane. Ningekwenda Tanga na Lushoto peke yake, ambako nusu ya njia ni moja, au ningekaa Unguja siku zote na kurudi kwa boti na treni, vyombo viwili ambavyo bei zake hazikubadilika.

Ninachotaka ni vitu vichache vinavyowezekana. Nauli kikomo kwa kila mji ibandikwe kwa maandishi makubwa katika kila kituo kikuu, mahali ambapo abiria anaisoma kabla hajakutana na wakala. Kila kituo kilichohamishiwa nje ya mji kiwe na angalau daladala moja yenye leseni ya usiku, kwa nauli inayojulikana. Na anayefaulisha abiria ampe abiria huyo nauli yake mkononi, mbele ya dereva anayempokea.

Tiketi ya kalamu ya buluu bado ninayo, imekunjwa ndani ya daftari pamoja na namba ya basi niliyoinakili ubavuni mwake. Jumatatu asubuhi naipeleka ofisi ya LATRA hapa Dodoma pamoja na barua. Yeyote aliyefaulishwa Mombo mwezi Juni na kulipishwa mara mbili, kama ana risiti au picha, aniandikie kabla ya Jumapili jioni ili niiambatanishe.