Shimo ni moshi, mia ni ami: nisaidieni michezo ya maneno ya snuka

MwanaKibokoni aliuliza:

Salaam kwenu wapenzi wa snuka, mchezo wa mezani wa kutia mipira ya rangi mashimoni kwa fimbo.

Mimi mtoto wa Mombasa, naendesha basi Sheffield, mji ambao ubingwa wa dunia wa snuka huchezwa katika ukumbi wa Crucible tangu 1977. Lakini mapenzi ya mchezo huu sikuyapata huku. Nilitiwa na ami yangu, aliyekuwa kazi yake ni kuhesabu pointi kwenye meza za klabu moja kule nyumbani. Jioni nikimfuata kazini, tukirudi pamoja kwenye matatu, ananipa habari za meza kwa kinyume ili abiria wengine wasielewe. Kinyume mnakijua: silabi ya mwisho inahamia mbele. Nyumba inakuwa mbanyu.

Uzuri wake ni kwamba maneno mengine ya snuka, ukiyageuza, yanazaa maneno mazima. Chaki inakuwa kicha. Sita, pointi za mpira wa pinki, inakuwa tasi, samaki yule yule wa kukaanga. Shimo linakuwa moshi. Kijani inakuwa nikija. Basi ami akisema "nikija, moshi", mimi najua mpira wa kijani umeingia shimoni, na mama aliyekaa mbele yetu anadhani tunapanga safari ya kwenda Moshi.

Na lile nililopenda kuliko yote: mtu akipata pointi mia kwa mkupuo mmoja, yaani kwa zamu moja bila kukosa, mia ikigeuzwa ni ami. Mzee alikuwa akijisikia sana kwa hilo. "Leo bwana fulani kaniita mara mbili."

Sasa nina binti wa miaka 11 aliyeanza kucheza. Waingereza wanamfundisha michezo yao ya maneno. Kwa mpangilio wa mipira mitatu ya mstari wa kuanzia, ukisimama upande wa kuanzia, kushoto kijani, katikati kahawia, kulia njano, wao wanasema "God Bless You", herufi za mwanzo za rangi hizo kwa lugha yao. Lakabu za wachezaji nazo zina vina: Mark Selby ni "Jester from Leicester", Neil Robertson wa Australia ni "Thunder from Down Under". John Higgins, mzaliwa wa Wishaw kule Uskoti, ni "Wizard of Wishaw".

Nataka mtoto awe na ya kwetu pia. Nani ana sentensi ya Kiswahili ya kukumbuka rangi? Nimejaribu, nakwama kwa sababu kijani na kahawia zote zinaanza na K.

KijanaWaIlala alijibu:

Kaka, usishike herufi, shika silabi. Kijani ni ki, kahawia ni ka, njano ni nja. Mimi nacheza pool tu huku Dar, snuka naitazama kwenye simu, ila hii imenijia nikiwa kwenye foleni ya chipsi:

Kijana kashikwa na njaa.

Kijana na kijani zinatofautiana herufi moja, mtoto hawezi kusahau. Hapo umepata kushoto, kati na kulia.

Ukitaka mpangilio wa pointi, kuanzia njano yenye 2, kijani 3, kahawia 4, buluu 5, pinki 6 mpaka nyeusi 7, jaribu: "Njaa kijana kashikwa, bure pilau, nyemelea." Yaani kuna shughuli mahali, pilau ya bure, ainyemelee.

BiMdogoUnguja alijibu:

Mwanangu wa Ilala, umefanya kazi nzuri, ila nakurekebisha mahali pamoja. Rangi ni nyeusi, lakini mpira ni mweusi. Mezani pale tunahesabu mipira. Mtoto akizoea kusema "mpira nyeusi" tutakuwa tumemfundisha snuka na kumharibia lugha. Weka neno linaloanza na mwe:

Njaa kijana kashikwa, bure pilau, mweleze.

Kisha hesabuni mizani kwa vidole. Nja-a-ki-ja-na-ka-shi-kwa, nane. Bu-re-pi-la-u-mwe-le-ze, nane. Huo ni mshororo kamili wa shairi, nane kwa nane! Nimeusoma kwa sauti mara tatu hapa jikoni, na unaimbika. Wanaosema waridi badala ya pinki waweke wali, lakini utao wao, yaani nusu ya pili ya mshororo, utapungua mizani moja, nami sishauri.

Kuhusu kinyume, msisahau tatu. Pointi za kijani zikigeuzwa ni tuta. Kwa hiyo "nikija, tuta" ni sentensi kamili ya mchezo.

FundiChaki alijibu:

Mmesahau vitendawili, na hapo ndipo Kiswahili kina nguvu. Sisi tukitazama fainali watu wanne, kati ya fremu na fremu, yaani duru moja ya mchezo na nyingine, tunategana. Nawapa viwili.

Kitendawili! Wanangu kumi na watano wakiondoka hawarudi, walezi wao sita wakiondoka hurudishwa mpaka wana waishe.

Hicho chepesi kwa mchezaji: mipira myekundu ikiingia haitoki, ya rangi inarudishwa mahali pake maadamu kuna myekundu mezani. Mtoto akikijua hicho, ameshajua nusu ya kanuni. Akiweza na hesabu, mwambie kila mwana ashikane mkono na mlezi mweusi: 1 ya myekundu na 7 ya mweusi ni 8, mara 15 ni 120, kisha walezi wenyewe 27, jumla 147, mkupuo wa juu kabisa bila faulo ya mpinzani.

Cha pili: Kitendawili! Watu milioni 18 na nusu walikesha wakimngoja mweusi mmoja.

KijanaWaIlala alijibu:

Hicho cha pili kimenishinda, mzee.

FundiChaki alijibu:

Nipe mji.

KijanaWaIlala alijibu:

Nakupa Sheffield.

FundiChaki alijibu:

Nimekwenda Sheffield, nikakaa Crucible, fainali ya mwaka 1985. Steve Davis na Dennis Taylor wamefungana fremu 17 kwa 17, fremu ya mwisho imebaki mpira mweusi peke yake, saa sita ya usiku imeshapita. Taylor hakuwa ameongoza hata mara moja fainali nzima. Akautia ule mweusi, akachukua ubingwa 18 kwa 17, na Uingereza watu milioni 18 na nusu walikuwa macho mbele ya televisheni. Jibu ni huo mpira.

MwanaKibokoni alijibu:

Sina la kuwalipa. Mshororo wa Bi Mdogo nimeuandika kwa kalamu nene na kuubandika mlangoni. Binti kausoma mara mbili, kisha kapanga mipira yote ya rangi bila kuniuliza. Bi Mdogo, kwa mweusi uko sahihi, na nimejisahihisha mwenyewe, maana nami nilishaanza kulegea huku.

Usiku nikampigia ami. Masikio yake sasa mazito, nikamsomea polepole. Nilipofika "mweleze" akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kumbe anahesabu mizani. Kisha akasema mshororo mmoja haujawa ubeti, unataka wenzake watatu, wa pili uanze na mipira myekundu, na vina vya kati viishie kwa "kwa".

Huo wa pili nimekesha nao na sijaupata. Aliye nao auweke hapa. Mzee nitampigia tena Ijumaa baada ya sala.