Gharama za kumwagilia nyanya heka moja, nakadiriaje?

Mkulima wa Kahe: Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Niko huku Kahe nataka kupanda nyanya heka moja kiangazi hiki, maji navuta mtoni kwa pampu ya petroli ya inchi 2, mto uko kama mita 150 toka shambani. Mwaka jana nilikadiria kwa macho, nikaweka masaa mawili kwa siku, hela ya mafuta ikakata nyanya ndo zinatoa maua, zikapukutika naziona. Nianzie wapi hesabu?

Meru_Shambani: Pole sana ndugu yangu, hiyo inauma. Usianzie kwenye mafuta, anzia kwenye maji. Milimita moja ya maji kwenye heka ni kama lita 4,000, sasa nyanya ikishabeba na jua la huko kwenu inataka kama milimita 5 kwa siku, yani lita 20,000 zifike kwenye mizizi. Kwa mifereji karibu nusu inapotea njiani kwahiyo hesabu kuvuta 40,000. Na usiamini lita zilizoandikwa kwenye pampu, hizo ni kama maji hayapandi popote. Peleka pipa la lita 200 mpaka mwisho wa mpira shambani, washa, hesabu sekunde. Jaza tenki, piga saa nzima, ujue imekunywa petroli kiasi gani, zidisha na bei ya sheli.

Mama Vitunguu: Mwanangu weka na kibarua wa kuhamisha mpira, oili, na siku pampu itakayogoma maana itagoma tu, mimi vitunguu vyangu vilikaa siku nne bila maji nasubiri spea. Na kibali cha maji ulizia bodi ya Bonde la Pangani kabla hujapanda. Dripu, ile mipira yenye vitundu inayodondoshea maji kwenye mche, inaokoa maji kweli, ila mistari ikiachana mita 1.2 heka inakula mpira kama mita 3,370, na maji ya mto yana tope, bila chujio zuri vitundu vinaziba.

Mkulima wa Kahe: Shikamoo mama, asanteni sana. Nimetoka shamba sasa hivi, pipa limejaa kwa sekunde 65! Yani lita kama 11,000 kwa saa, nilitakiwa kupiga masaa matatu na nusu na zaidi, mimi nikaweka mawili. Napanda nusu heka.