Ni minara mingapi ya mawasiliano iliyofungwa nyaya nchini Marekani?

Mwanatakwimu Mchanga:
Ndugu wanajukwaa, ninaandika tasnifu kuhusu ndege wahamao wanaokufa usiku kwa kugonga minara ya mawasiliano nchini Marekani. Kwa kuwa wengi hugonga zile nyaya za chuma zinazoushikilia mnara usianguke, idadi ya minara yote hainitoshi. Nimepakua daftari la usajili la Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano; je, nikihesabu minara yenye alama ya GTOWER pekee, nitakuwa nimepata jibu?

Fundi wa Juu:
Hapana, ndugu yangu. GTOWER ni minara yenye nyaya, lakini katika daftari hilohilo kuna alama ya TOWER, ambayo kwa maana yake rasmi inachanganya yenye nyaya na inayosimama yenyewe, hivyo ukiiacha utapunja na ukiichukua yote utazidisha. Ondoa pia minara iliyobomolewa, pamoja na ile iliyopewa kibali bila kujengwa.

Msoma Ramani:
Kundi hilo la TOWER lichukulie sampuli. Teua minara 400 kwa bahati nasibu, kisha itazame katika picha za setilaiti. Waya wenyewe ni vigumu kuuona, ila utaona nanga zake ardhini, aghalabu katika pande tatu zilizoachana kwa nyuzi 120, na kivuli cha mnara mwembamba usiotanuka chini. Tuseme 120 kati yake ina nyaya: hiyo ni asilimia 30, na kosa la makadirio ni kama asilimia 4.5 juu au chini. Ingefaa kwanza uigawe kwa urefu, kwa sababu mirefu sana karibu yote hufungwa nyaya, kama ule wa kituo cha televisheni cha KVLY huko North Dakota, uliojengwa 1963, uliokuwa na mita 628 kabla ya kupunguzwa kileleni.

Mwanatakwimu Mchanga:
Nashukuru sana. Na mifupi je?

Fundi wa Juu:
Hapo ndipo penye kazi. Kwa kawaida sheria hudai usajili kwa mnara unaozidi futi 200, yaani takriban mita 61, au ulio karibu na uwanja wa ndege, na wajenzi wengi hukomea chini kidogo ya kipimo hicho ili waepuke rangi na taa za kuwaonya marubani. Minara hiyo haimo daftarini.

Msoma Ramani:
Kwa hiyo, gawa nchi katika miraba, teua michache mjini na mingi zaidi mashambani, ambako ardhi ya kuwekea nanga ni rahisi kupatikana, kisha uhesabu kila mnara unaouona. Miraba hiyohiyo ilinganishe na daftari, upate kujua ni minara mirefu mingapi ambayo macho yako yaliikosa, ingawa mifupi itakukwepa zaidi ya hiyo. Jihadhari na milingoti ya kupimia upepo, kwani nayo hufungwa nyaya na kwa picha ya juu hufanana kabisa na minara ya redio. Kwa ndege ni hatari ileile, lakini katika hesabu yako ya mawasiliano haimo.