Eti "ANIKA"! Huyu muuza vifaranga wa sato hapa Kigoma kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Mwana_Luiche (mleta mada), leo saa 4:52 asubuhi

Wakuu, naandika mikono ikiwa na tope na shombo. Nimetoka bwawani sasa hivi. Sijala, na samaki sitakula mpaka Krismasi.

Yule bwana mnamjua. Sitaji jina, ila kama umewahi kupita Ujiji, Mwandiga au njia ya kwenda Kasulu umeshamwona: pikipiki nyekundu, madumu mawili ya njano nyuma, kofia ya kaki, na neno "kitaalamu" kila akifungua mdomo. Hata chafya anapiga kitaalamu.

Leo tumevuta wavu. Mama mkwe kaja kutoka Kasulu na ndoo tatu tupu. Wateja wawili wamekuja kutoka Gungu. Watoto wa shule nao wapo, sijui nani aliwaita, sijui leo hakuna masomo. Huyo bwana akachutama, akamshika sato wangu mkia, akamwinua juani kama anakagua noti ya bandia, halafu akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Bwana mkubwa, hawa sokoni usijisumbue. ANIKA. Adhuhuri wameshakauka."

Anika!

Sato wa miezi minane anaanikwa mchangani kama dagaa wa Kibirizi! Mimi niliyemwamkia huyu mtu kila alipokuja. Nimempa chai. Nimempa mpaka yai.

Kwa wasiojua nilikotoka: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, nikaona tunavyohangaikia kitoweo, nikasema sasa basi, nachimba langu. Mita 20 kwa 15, kwa jembe, wakuu, kwa jembe. Mgongo ulikuwa unalia kama kitanda cha gesti. Ndipo akatokea yeye na madumu yake: "Nina dume tupu, wanakua kama wameitwa." Akanieleza kwamba jike akishakomaa anataga, anayabeba mayai mdomoni, hali chakula, nguvu zote zinaishia kwenye kuzaa. Dume hana shughuli hiyo, yeye ni kula na kunenepa. Nikaona ni maneno ya mtu aliyesoma. Nikalipia vifaranga 3,000.

Akawaleta saa saba mchana, jua la kupasua fuvu, maji ya kwenye madumu ya moto kama ya kuogea mzazi. Hakusubiri joto lilingane na la bwawa. Akawamimina kwa mpigo mmoja kama anamwaga maji ya kunawa. Kesho yake nimeokota mizoga ndoo nzima. Akasema hao wamejichuja.

Mwezi wa nne tangu niwaweke naona pembezoni kitu kinatembea kama kivuli. Vitoto! Maelfu! Nikampigia simu: "Bwana, madume wako wamezaa." Akajibu, "Hongera."

Hayo yote nimeyameza. Hela imekwenda, imekwenda. Ila hili la "anika" limenikaa kooni kama mwiba wa kuhe. Maana aliposema vile, mama mkwe alijifunika kitenge usoni, mabega yakawa yanatikisika. Mimi mjinga nikajua ananililia. Akafunua uso, akavuta pumzi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Neema, mkeka upo?"

Saa mbili hazijapita tangu litokee. Nimeenda dukani kununua sabuni, muuza duka kanipokea: "Karibu, Anika." Bodaboda pale barabarani hawaniiti jina lingine.

Nani mwingine kaumizwa na huyu mtu?

---

Nimekaa_Pale
Nimekaa pale. Na mkeka nimekuja nao.

---

Mchikichi_Mmoja
Hapo kwenye "Hongera" nimemwaga chai. Namjua sana huyo. Mimi aliniuzia kambale 500, wakubwa na wadogo kawachanganya kwenye dumu moja, na kambale akimzidi mwenzake kidogo tu anamfanya kitoweo. Baada ya mwezi nikabaki na nusu. Nilipomlalamikia akasema, "Lakini hiyo nusu si imeshiba?"

---

Bwana_Kipimo
Ngoja nimkere mleta mada. 20 kwa 15 ni mita za mraba 300. Samaki 3,000. Yaani samaki kumi kwenye kila mita ya mraba, na mashine ya kupulizia hewa huna. Hilo si bwawa, hilo ni basi la sikukuu. Kwa bwawa la jembe kama hilo weka watatu, ukiwa mbishi watano. Na ulikuwa unawalisha nini?

---

Mwana_Luiche
Pumba na mashudu ya mise, zile kokwa za mchikichi. Na mbolea ya kuku ili maji yawe ya kijani, kama alivyosema yeye.

---

Bwana_Kipimo
Nilijua tu. Mashudu ya mise ni makapi mengi, protini haba. Kifaranga anataka chakula chenye protini karibu asilimia 40, akishakua hata 30 inamtosha. Na wewe uko KIGOMA, bwana! Dagaa wako mlangoni, saga, changanya na soya. Mtu wa Kigoma kufuga samaki bila dagaa ni sawa na Mnyamwezi kununua asali ya kopo.

Na hiyo mbolea, uliweka kiasi gani? Zamisha mkono taratibu. Kiganja kikianza kupotea maji yakiwa karibu na kiwiko, uko salama. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo, umezidisha. Ule ukijani mchana unatoa hewa, usiku unaivuta hiyo hiyo waliyobakiwa nayo samaki. Alfajiri ndiyo saa yao ya kufa. Uliwahi kuwaona wamepanda juu asubuhi, midomo wazi?

---

Mwana_Luiche
Karibu kila siku. Nilijua wanasubiri chakula.

---

Binti_wa_Gungu
"Nilijua wanasubiri chakula" 😂😂😂 Samaki wanakata roho, baba wa watu anawamwagia pumba!

---

Bwana_Kipimo
Na hiyo pumba wasipoila inaoza chini, inatoa amonia, na jua lile la Kigoma maji yakipata moto amonia inakuwa sumu zaidi. Samaki wa namna hiyo hata kama hafi, hakui. Kituo cha TAFIRI, wale watafiti wa uvuvi, kiko hapo hapo mjini Kigoma, umeshindwa hata kwenda kuuliza?

---

Mwana_Luiche
Sawa, nichekeni. Mwezi wa tano alikuja mwenyewe, akawakuta wako juu midomo wazi, akasema "wanakusalimia". KITAALAMU. Nikawapungia mkono, wakuu. Niliwapungia mkono samaki. Halafu mtu huyo huyo leo anishikie mkia wa sato wangu aniambie anika?

---

Nimekaa_Pale
Aliwapungia mkono. Uzi huu nahamia na godoro.

---

Mzee_wa_Igombe
Vijana, shikamoo mnazo lakini hamtoi. Mimi niko Tabora. Kukua kwetu si shida, joto lipo. Shida ni maji. Ikifika Septemba, Oktoba, bwawa linabaki la magotini, mchana linachemka, samaki wamebanana kama nyuki. Hapo ndipo anapokuja kenge. Nina kenge mmoja ana afya kunishinda mimi. Nimeweka wavu juu, kapita chini. Nimeziba chini, nimemkuta ndani, sijui alilala humo. Nafikiri nimlipie bima.

---

Mkulima_Buhigwe
Shikamoo mzee. Kenge ana nafuu. Mimi ni fisi maji. Anakula, anapanga vichwa ukingoni kama risiti.

---

Mchikichi_Mmoja
Una hakika ni fisi maji? Wa kwangu nilimvizia usiku, nikamkuta amevaa gambuti.

---

Mkulima_Buhigwe
Sasa mbona umenitia mashaka. Jirani yangu hajanunua kitoweo tangu mwezi wa pili.

---

Kaa_wa_Mikokoni
Nyie wa bara mnalia na samaki, njooni Tanga muone kaa. Mimi nanenepesha kaa wa mikoko. Kaa hakui mpaka ajivue gamba, na akishajivua mwili wote unakuwa laini kama andazi. Wenzake wanalijua hilo. Kwa hiyo kila mmoja apewe chumba chake. Fundi wangu akanitengenezea tenga kubwa zuri, halina vyumba, eti "wazoeane". Nimetia 40, nimetoa 11. Wamezoeana kweli. Halafu masika mto ukashusha maji, chumvi ikapungua, hao 11 nao wakagoma kula wiki nzima. Fundi ninamdai mpaka leo.

---

Binti_wa_Gungu
Pole. Hao 11 kilo bei gani?

---

Kaa_wa_Mikokoni
Dada, niko msibani wewe unauliza bei.

---

Mwana_Luiche
Jamani, huu uzi ni wa mimi kuambiwa ANIKA. Mbele ya mama mkwe. Turudi kwenye mada.

---

Nimekaa_Pale
Umeshawageuza upande wa pili? Naona mawingu yanatokea ziwani.

---

Mteja_Na_Ndoo
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ni mmoja wa wale wawili wa kutoka Gungu. Mleta mada amewaficha. Mama mkwe alijaza ndoo zote tatu, hakuacha hata kile kitoto, akatia chumvi, akatandika mkeka mwenyewe. Sisi tulipewa sahani, wamekaangwa na mawese, na sitawadanganya, ni watamu. Unatafuna mpaka kichwa.

---

Mwana_Luiche
We jamaa si umesema unakwenda chooni na simu?

---

Mzee_wa_Igombe
Shikamoo nimeipokea moja tu, ya Buhigwe. Mawese hayo mnanunua wapi? Yanayoletwa huku na treni siku hizi yanaganda kama mshumaa.

---

Mchikichi_Mmoja
Shikamoo mzee. Mawese halisi yanaganda, hiyo si kasoro. Yaogope yasiyoganda. Kuna mama mmoja pale sokoni Mwanga, simtaji, mnamjua, aliniuzia dumu, juu mawese, chini maji ya rangi.

---

Binti_wa_Gungu
Mwenye kitenge cha tausi? Hata mimi! Tena akaniambia nitikise kwanza.

---

Mkulima_Buhigwe
Dumu la 5 au la 20?