Naomba ushauri: gemu ya GTA V inashuka fremu porini, mjini inakwama kwama

Wakuu, habari zenu. Mashine ni desktopu ya ofisi iliyotumika: prosesa i5-4570, RAM GB 8 (kijiti kimoja), kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4. Kadi hiyo ilichaguliwa kwa sababu inakula wati 75 tu kutoka kwenye sloti, haihitaji waya wa pawa saplai. Skrini ni 1080p, Hz 60.

Kuna matatizo mawili tofauti. Porini, kuelekea mlima wa Mount Chiliad ndani ya gemu, kadi inafika 99% na fremu kwa sekunde zinashuka toka 60 hadi 41. Hapo nashuku nyasi zilizo kwenye Ultra (kiwango cha juu kabisa) na MSAA x4 (ya kulainisha kingo za vitu). Mjini ni kinyume: kadi iko 60%, prosesa 100%, na gari likienda kasi picha inaganda nusu sekunde. Kupunguza rezolushoni hakusaidii mjini, maana mzigo uko kwa prosesa.

Nilichofanya: MSAA nimezima, FXAA (ulainishaji mwepesi zaidi) nimewasha, nyasi nimeshusha hadi High. Porini sasa ni 58 hadi 60, ila nyaya za umeme za ndani ya gemu zinameta vibaya sana. MSAA x2 inafaa, au nitarudi kule kule?

Kwa mjini, nipunguze kipi kwanza: wingi wa watu na magari, au umbali wa kuonyesha vitu? Sitaki mji uonekane mtupu. Na je, kuongeza kijiti cha pili cha GB 4 kitaondoa kuganda, au lazima vijiti vilingane, GB 8 kwa 8?

Natanguliza shukrani.